Shari Niliyomshonea Kukhu

Bwana asifiwe! Asifiwe na walio mbele, asifiwe na wale wa benchi ya nyuma ambao wamekuja kwa sababu walisikia leo Nafula atasimama. Nawaona. Karibuni, na mzime simu.

Ndugu zangu, katibu wa vijana aliniambia niandike ushuhuda wangu kwanza, aupitie, ndipo nisome. Alisema, "Nafula, wewe ukipewa maikrofoni bila karatasi, ibada inageuka kitu kingine." Basi nimeandika, na amepitia. Amekata mahali nilipomtaja yeye. Kwingine kote ameacha.

Mimi ni Faith Nafula, msichana wa kidato cha tatu, mtoto wa hapa hapa Malinya. Wenzangu wamesimama mbele yenu wakashuhudia vile Mungu aliwatoa kwenye magonjwa, na mmoja alitolewa kwenye shimo la dhahabu lililoporomoka, tukalia sote. Mimi Mungu amenitoa kwenye uzi. Msicheke! Mnaocheka hamjawahi kushikwa na uzi.

Nilifundishwa krosheti na senge Rael, dada ya baba yangu. Mnamjua. Kila kiti kwake kina kitambaa, na juu ya kitambaa kuna kitambaa kingine cha kulinda kile cha chini. Redio imevaa. Thamosi imevaa. Ukikaa kwake sana bila kusogea, utaamka na kitambaa kichwani. Yeye ndiye aliyenipa sindano yangu ya kwanza, ile yenye ndoano mdomoni, akaniambia, "Vuta kitanzi ndani ya kitanzi. Hiyo ndiyo yote." Ndugu zangu, hiyo siyo yote!

Lakini nisiseme uongo mbele ya madhabahu: kuna furaha ndani ya krosheti. Unachukua uzi, kitu kirefu kisicho na maana, unavuta, unavuta, na baada ya muda kuna kitu mapajani ambacho hakikuwepo duniani. Mikono inafanya kazi, kichwa kinapumzika. Nilikuwa nikishona huku nikitabasamu peke yangu mpaka mama akaniuliza kama nina mvulana. Nikamwambia nina ua la petali za manjano. Akasema heri hilo.

Shida inaanzia dukani. Kuna duka la uzi mjini Kakamega, nyuma ya soko, uzi umepangwa mpaka kwenye dari. Nilikuwa nikiingia pale kutafuta uzi mweupe wa kofia ya mtoto, natoka na uzi wa zambarau wenye manyoya manyoya ambao hata sindano inakataa kuuingia. Kwa nini? Sijui, ndugu zangu. Ulinitazama. Mama mwenye duka alikuwa anajaribu kunisaidia.

"Unataka kushona nini?"

"Nitajua nikifika nyumbani."

"Haya, chukua pamba."

"Pamba inakaza vidole."

"Chukua sufu."

"Inawashanga shingo."

"Basi hii laini, shika."

"Inateleza sana, mama."

Akaniangalia juu ya miwani. "Binti, kwani wewe unatafuta uzi ama mchumba?"

Hivyo ndivyo nilivyoishi! Kofia ya mtoto wa jirani ilitoka kubwa ikamwingia baba ya mtoto, na huyo baba akaipenda, akaenda nayo kwa mapigano ya fahali, sasa ningemwambia nini? Sweta ya mdogo wangu Shikuku ilipata mkono mmoja, halafu uzi ukaniudhi nikaanza mkoba. Mkoba ukaniudhi nikaanza soksi. Kila kitu kiliingia kwenye gunia chini ya kitanda changu, na ndani ya gunia lile vyote vilikuwa vimeanza na hakuna hata kimoja kilichoisha. Shikuku aliliita mochari, nyumba ya maiti. "Nafula amepeleka mwingine mochari." Mtoto wa darasa la sita, ndugu zangu. Mdomo huo sijui alirithi wapi.

Sasa nifike kwa Kukhu.

Kukhu ni mama ya baba yangu, anaishi ng'ambo ya kijito kwa baba mdogo. Wengi wenu mlikuwa mnaniuliza mbona hatumwoni tena kanisani, yeye aliyekuwa akianzisha nyimbo kabla hata kiongozi hajajua ni wimbo gani. Mimi pia sikujua. Alikuwa mzima. Alikuwa analima, anafukuza kuku, anagombana na kila mtu vizuri. Lakini Jumapili ikifika anakaa nyumbani. Nilimwuliza, akanijibu kwamba kanisani kuna baridi, inaingia kwa dirisha na kumchoma mbavu. Halafu akanishika mkono, jambo ambalo Kukhu hafanyi, akasema, "Nafula, mwana wanje, nishonee shari. Nikipata shari, nitarudi kanisani."

Wageni waelewe hapa, la sivyo watapotea. Sisi watu wa huku, L na R ni mapacha, tunawavalisha nguo moja na kumwita yeyote aliye karibu. Tunakura, tunarara, na kesho yake tunaamuka salama. Kukhu alitaka shali, ile nguo ya kujitanda mabegani. Mimi nilimwelewa kabisa, maana mimi mwenyewe natamka hivyo hivyo, na mwalimu wetu wa Kiswahili alishakata tamaa. Lakini Kiswahili kina neno lingine, shari, lenye R ya kwake halali, na hilo maana yake ni ubaya, uovu, balaa inayotumwa kwa mtu. Likumbukeni hilo neno. Mimi sikulikumbuka.

Nikamwuliza Kukhu anataka rangi gani.

"Kama chai."

"Ya maziwa?"

"Ya rangi. Lakini isikuwe nyeusi. Ikuwe nyekundu kidogo. Lakini usiniletee nyekundu, mimi si mchezaji mpira."

Ndugu zangu, nilisimama katika duka lile nikiwa na bonge la uzi kila mkono na lingine chini ya kidevu, nikipeleka mlangoni kwenye jua, nikirudisha kivulini, mpaka sikujua tena chai ni rangi gani. Nilitoka na uzi unaofanana na barabara yetu ikinyeshewa. Nikaanza kushona. Na kwa mara ya kwanza nilitaka kumaliza kitu, kwa sababu mwisho wa uzi ule kulikuwa na Kukhu ameketi kanisani.

Uzi ukaisha katikati! Nikarudi, nikanunua mwingine, jina lile lile, namba ile ile kwenye karatasi. Nikafika nyumbani nikaweka pamoja kwa dirisha. Mmoja chai, mwingine chai iliyolala. Nikafikiri macho yangu yameingia kasoro. Nikarudi tena dukani, mama mwenye duka akaniambia kiwandani uzi hupikwa rangi kwa mapipa, na kila pipa hutoka tofauti kidogo, na la kwanza halipo tena popote. Halipo! Ukitaka shali ya rangi moja ilikuwa ununue wote siku ya kwanza. Mbona mtu hakuniambia siku ya kwanza?

Na bado haijaisha. Shali ilianza pana kama kitanda, na kila mstari ilikuwa inakonda, sijui inakonda kwa nini, sikuipunguza mimi. Nashona, naipima, imekonda. Nafumua. Nashona polepole, naongea nayo kwa upole. Inakonda. Huku Kukhu anatuma watoto: "Enda umuulize Nafula, shari imefika wapi?"

Nikaomba. Nilipiga magoti, mbele ya gunia, nikasema, "Mungu, wewe uliumba kondoo. Niambie, niendelee na uzi wa pili ama niache?" Nikanyamaza nisikie. Nilisikia jogoo. Nikangoja zaidi. Jogoo tena. Ndipo niliposhona mistari kadhaa ya uzi wa pili, na ikaonekana kama nguo imemwagikiwa kitu, nikalia.

Sasa, ndugu zangu, mnamjua Mwinjilisti Pendo. Yuko pale, amenipa ruhusa niseme yote, na tayari ameficha uso. Mwinjilisti alikuja kwetu kutoka Pwani, na Kiswahili chake kimenyooka kama kilipigiwa rula. Kwake L ni L na R ni R, na hazijuani. Jumamosi moja alitoka na Mama Ayub na Mama Finike wa kikundi cha maombi kuwatembelea waliopotea kanisani, wakafika kwa Kukhu. Yaliyosemwa huko nimesimuliwa na Kukhu mwenyewe, kwa hasira, mara nyingi.

Mwinjilisti alimwuliza kwa nini haji ibadani.

"Nangojea shari ya Nafula," Kukhu akasema. "Anaishonanga kila jioni."

"Shari? Mjukuu wako anakushonea shari?"

"Ndiyo. Amechukua muda sana, lakini ananiambia imebaki kidogo. Ikiisha tu, naenda."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nyumbani kwa Bwana! Kwani wapi? Nimechoka kukaa huku."

"Na hukumkataza?"

"Nimkataze na ni mimi nilimwomba? Mimi nimezeeka, mwinjilisti. Ni haki yangu."

Mwinjilisti akasimama. Chai yake hakuimaliza.

Mimi nilikuwa nyumbani nikiosha sufuria, sijui lolote. Mama alikuwa anapika obusuma, ugali wetu, nje kwenye mafiga. Nikaona wanawake wanakuja kwa kasi, Biblia mbele, chupa ya mafuta nyuma. Nikafikiri labda wamekuja kwa sababu ya Shikuku. Hilo lingekuwa na maana.

Mwinjilisti hakuketi. Akanishika mabega yote mawili. "Binti yangu, niambie ukweli mbele za Mungu. Je, unamshonea nyanya yako shari?"

Nilifurahi! Nikafikiri, tazama mtu wa Pwani, anajitahidi kutamka kama sisi ili tujisikie vizuri. Nikamjibu kwa moyo wote. "Ndiyo, mwinjilisti, ninamshonea shari."

Mama Finike akasema, "Yesu!"

"Ni nani aliyekufundisha?"

"Senge Rael."

"Rael yupi? Huyu Rael wa kwaya?"

"Huyo huyo. Amefundisha wasichana wengi hapa."

Mama Finike akakaa chini kwenye nyasi. Mwinjilisti akafunga macho, akafungua. "Na shari yenyewe imefika wapi?"

"Imeshafika kwa mabega," nikasema. "Imebaki kidogo ifunike kifua, halafu nitafunga shingo, basi."

Ndugu zangu! Nilikuwa naeleza nguo!

Mwinjilisti akamgeukia mama yangu. "Mama, wewe unayajua haya?"

Mama akapindua ugali. "Nayajua, mwinjilisti. Hata mimi nimemwambia amalize haraka, maana mzee amengoja sana na baridi ni kali. Lakini huyu mtoto hanisikii, yeye ni kuanza kitu na kuacha katikati."

"Iko wapi? Ileteni!"

Na hapo ndipo Shikuku, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemwita, akachungulia mlangoni na kuuliza kwa sauti ya kusaidia, "Mama, nilete mochari?"

Sitasema Mama Finike alifanya nini. Amenikataza.

Gunia likaletwa. Likamwagwa mbele ya watu wote: sweta ya mkono mmoja, kichwa cha sungura bila sungura, soksi ya mtu asiyejulikana, na juu kabisa shali ya Kukhu, imekonda, rangi mbili, sindano yangu bado imening'inia ndani. Niliona haya. Nilifikiri wamekuja kukagua. Nikaanza kujitetea, "Bado sijaisha kuipiga pasi," lakini mwinjilisti alikuwa ameishika kwa ncha ya vidole, mkono umenyooshwa mbali na mwili, anatembea kuelekea kwa mafiga ya mama.

"Kwa jina la Yesu, leo itateketea!"

Hapo nikapiga kelele. Nikashika upande mwingine. Sikuelewa lolote, nilielewa tu kwamba anataka kuchoma nguo ya Kukhu. Akavuta, nikavuta. Mama Ayub akaanza kukemea mapepo. Sindano ikachomoka, na uzi, ndugu zangu, ukaanza kufumuka, ile sauti yake, trrrrr, mstari baada ya mstari, jioni zangu zote zinakimbia kwenye nyasi mbele ya kuku. Mwinjilisti anaenda motoni na shali, mimi nimebaki na uzi mkononi, unarefuka.

"Msiichome!" nililia. "Mkiichoma Kukhu hatarudi kanisani! Alisema ataona baridi! Mwacheni Kukhu arudi!"

Mwinjilisti akasimama. Uzi nao ulikuwa umesimama, umekwama kwenye fundo, mahali ambapo niliunga uzi wa pili na wa kwanza.

Akaiangalia ile nguo mkononi mwake. Akaigeuza. Halafu, bila kujua anafanya nini, akaitupia begani, vile mama yeyote hufanya akipewa kitu cha namna ile.

"Hii," akasema taratibu, "si ni shali?"

"Ndiyo," nikasema kwa kilio. "Shari."

"Shali."

"Shari!"

Mama yangu akatoa mwiko kwenye sufuria. "Si ndiyo tunasema tangu mwanzo, mwinjilisti? Shari. Ya kuvaa."

Kisha Mwinjilisti Pendo akaketi kwenye gogo la kuni, shali ingali begani, akacheka mpaka machozi, halafu nikaona machozi hayaachi na kicheko kimeisha. Alinivuta karibu akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuja kukuchomea upendo wako." Nikamwambia hapana, ni uzi tu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mama Ayub akajitetea: "Mimi nilijua ni shari ya kuvaa. Lakini vile mwinjilisti alishtuka, nikafikiri labda kuna shari ingine ambayo mimi sijasoma."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo ukombozi wangu ulipo, na hapa ndipo ninapochanganyikiwa zaidi. Tulikaa pale chini. Mwinjilisti akaanza kukunja ule uzi uliofumuka kuwa bonge, anautoa majani na vinyesi vya kuku bila kulalamika. Vikawa viwili mbele yetu, kipande cha shali cha chai na bonge la chai iliyolala. Na mtu akasema, "Si uchanganye? Mstari wa huu, mstari wa ule, tangu mwanzo mpaka mwisho. Itaonekana ulitaka."

Nani alisema? Mwinjilisti anasema ni mimi. Mimi nilifikiri ni Mama Ayub. Mama Ayub anasema alikuwa anaonja ugali. Mama anasema hakuna mtu aliyesema kitu. Nimeuliza wote, hata Shikuku, na kila mmoja ananionyesha mwingine. Ndugu zangu, niliomba ndani ya nyumba nikapata jogoo, na jibu likanipata nje, kwenye nyasi, nikiwa nimenyamaza na kuomba nimeacha! Mimi ni mtu wa utani, mnanijua, lakini hilo siwezi kulifanyia utani. Nimejaribu.

Nilifumua hata ile sehemu iliyobaki, nikaanza upya. Mstari wa huu, mstari wa ule. Na nikaimaliza! Mimi, Nafula, nilikata uzi na mkasi mahali ambapo kitu kimeisha! Bado imekonda upande mmoja. Kukhu aliniuliza kwa nini, nikamwambia ni mtindo. Akasema, "Mtindo wa nani?" lakini akaivaa, akageuka mbele ya kioo, akageuka tena.

Jumapili iliyopita nilichelewa. Nilipofika mlangoni mlikuwa mmeshasimama kwa wimbo, na wimbo ulikuwa umeanzishwa na sauti ninayoijua. Kukhu! Yuko kwenye benchi yake, karibu na dirisha, kichwa juu. Lakini mabegani hana kitu. Nilitafuta shali kwa macho, nikaiona: ameikunja vizuri na kuiweka juu ya benchi kando yake, nafasi ya mtu mmoja. Nilikasirika kidogo, nisiwafiche. Jioni zote zile!

Nikajipenyeza mpaka kwake. "Kukhu, mbona hujavaa? Baridi je?"

Akaiondoa shali, akapigapiga ile nafasi kwa kiganja. "Keti. Kila mtu alikuwa anataka kukaa hapa, nikawaambia kuna mwenyewe." Nikaketi. Akasogea mpaka bega lake likagusa langu, halafu akatutandia sote wawili ile shali, upande wake mpana, upande wangu ule uliokonda. "Babu yako alikuwanga anakaa upande huu," akasema. "Tangu aende, baridi inaingilia hapa." Akaendelea kuimba.

Basi sijui, ndugu zangu. Sijui ni shali iliyomrudisha, ama ni ile kelele yote, ama alikuwa anataka tu mtu wa kukaa hapo na hakujua vile mtu huombwa kitu kama hicho. Namshukuru Mungu kwa yote matatu, atachagua mwenyewe lipi lilikuwa lake. Namshukuru kwa mwinjilisti aliyekuja mbio kuniokoa na kitu ambacho hakikuwepo, maana nimejua kikiwepo kweli atakuja mbio hivyo hivyo. Namshukuru kwa mama mwenye duka. Namshukuru, kwa shida, kwa Shikuku.

Na wewe uliyeketi hapa umeshika jambo ambalo linakonda mikononi mwako na hujui unakosea wapi, mtumaini Mungu. Usingoje kwanza uelewe. Mimi sijaelewa, na nimeketi kwenye joto.

Anayetaka kuombewa aje mbele sasa, mwinjilisti yuko tayari. Lakini nawasihi, ndugu zangu wa Malinya: shida yako itamke polepole, na kama ina L ama R ndani yake, iandike. Amina!